Kwa nini wanafunzi husema "tumeelewa" baada ya video, kisha jaribio likaonyesha vingine?

Rusha chungwa juu, wima, kisha lidake. Sasa lifikirie likiwa bado linapanda: limeshatoka mkononi, halijafika kileleni. Kwa wakati huo, ni kani gani zinazolisukuma au kulivuta? Upepo tuuache pembeni. Tafadhali jibu kichwani kabla hujasoma aya inayofuata, maana makala hii yote imesimama juu ya jibu lako.

Wanafunzi wangu wengi wa kidato cha pili hujibu kwamba kani ni mbili: ya mkono uliorusha, ambayo inapungua kidogo kidogo, na ya uvutano wa dunia inayovuta chini. Kileleni, wanasema, zinalingana, ndiyo maana chungwa husimama kidogo kabla ya kuanguka. Jibu hilo lina mantiki, tena mtoto amelijenga mwenyewe kwa kuutazama ulimwengu. Lakini si sahihi. Tangu chungwa lilipoachana na kiganja, mkono hauna tena habari nalo. Kani iliyobaki ni moja tu, uvutano, nayo inaelekea chini muda wote: chungwa likipanda, likiwa kileleni, likishuka. Linaendelea kupanda kwa sababu tayari lilikuwa kwenye mwendo, na uvutano unahitaji muda kuumaliza mwendo huo.

Miaka kadhaa iliyopita niliwaonyesha video ya somo hili. Niliipakua usiku, wakati bando ni nafuu, nikaiweka kwenye flashi, nikaazima projekta. Video ilikuwa nzuri kweli. Sauti safi, michoro ya rangi, mishale inayotembea, maelezo yasiyo na kosa. Watoto walitulia kuliko siku yoyote. Ilipoisha nikauliza kama wameelewa, darasa zima likaitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Wiki iliyofuata nikatoa jaribio. Kani ya mkono ilikuwa imerudi kwenye karatasi nyingi, imechorwa kwa mshale mnene unaotazama juu.

Nilidhani tatizo ni umakini wa wanangu, au kasoro ya ufundishaji wangu. Baadaye nikakutana na kazi ya mtu aliyeuchunguza mkasa huohuo kwa miaka.

Mtu huyo ni Derek Muller. Wengi wanamfahamu kwa chaneli ya sayansi ya Veritasium, aliyoianzisha YouTube mwaka 2011. Kabla ya hapo alikuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Sydney, Australia, na tasnifu yake ya mwaka 2008 ilihusu jinsi ya kutengeneza video za fizikia zinazofundisha kweli. Aliwapa wanafunzi maswali kuhusu kani na mwendo, akawaonyesha video fupi yenye maelezo sahihi na yaliyonyooka, kisha akawapa maswali yaleyale. Walipoulizwa waliionaje video, walisema iko wazi na ni rahisi kuelewa. Wengi walitoka na uhakika zaidi kuhusu majibu yao. Alama zao? Wastani ulikuwa 6.0 kati ya 26 kabla ya video, na 6.3 baada yake.

Hapo ndipo ninapoomba kila mwalimu mwenzangu asimame kidogo. Wanafunzi hawakusinzia. Waliipenda video, wakaisifu, wakajiamini zaidi, na hawakujifunza karibu chochote.

Kundi jingine lilionyeshwa video ya namna tofauti. Ndani yake watu wawili walizungumza: mmoja alitoa wazo potofu, lilelile la kani ya mkono, mwenzake akalihoji hadi likaanguka. Waliotazama hii walilalamika kwamba iliwachanganya na kwamba walilazimika kufikiri sana. Wastani wao ulifika 11, karibu mara mbili.

Kwa nini iwe hivyo? Muller alieleza kwamba mwanafunzi haji darasani akiwa mtungi mtupu. Anakuja na maelezo yake ya jinsi vitu vinavyokwenda. Akisikia maelezo sahihi, yametiririka vizuri, tena kwa maneno anayoyafahamu (kani, mwendo, chini, juu), haoni kwamba yanapingana na aliyonayo. Anasikia kile anachokijua. Baadhi ya wanafunzi wake hata walikumbuka kwamba video ilisema jambo ambalo haikulisema, yaani wazo lao wenyewe. Ulaini wa video huwa kama kitambaa kilichotandikwa juu ya shimo. Mtoto hajikwai popote, na asipojikwaa hana sababu ya kuangalia chini.

Ushahidi wa pili unatoka Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na hauhusu video bali majaribio yanayofanywa mbele ya darasa. Catherine Crouch, Eric Mazur na wenzao walichapisha kazi hiyo mwaka 2004. Waliwagawa wanafunzi wa fizikia: baadhi hawakuona jaribio kabisa, wengine waliliona na kusikiliza maelezo, wengine walitakiwa kwanza kubashiri kitakachotokea, na wengine walibashiri, wakaona, kisha wakajadiliana. Mwishoni mwa muhula waliulizwa waeleze. Waliotoa maelezo sahihi miongoni mwa wale ambao hawakuona kitu walikuwa asilimia 22. Miongoni mwa waliotazama tu, asilimia 24. Waliobashiri kwanza, 30, na waliobashiri na kujadiliana, 32. Kumbe kutazama peke yake hakukutofautiana sana na kukaa nje ya darasa. Kilicholeta tofauti ni kumfanya mwanafunzi aweke jibu lake mezani kabla ya kuona. Ndiyo sababu nilikuomba ujibu swali la chungwa kwanza.

Sasa fikiria video moja ambayo ningependa kila shule iwe nayo. Tarehe 2 Agosti 1971, mwanaanga David Scott wa safari ya Apollo 15 alisimama juu ya mwezi, mkono mmoja ameshika nyundo, mwingine unyoya wa ndege aitwaye kozi, akaviachia kwa pamoja. Vilifika chini pamoja, kwa sababu mwezini hakuna hewa ya kuuzuia unyoya. Filamu yenyewe ni ya dakika moja hivi, picha zake zina ukungu, na inapatikana bure kwenye intaneti.

Ukiwasha tu na kuwaonyesha, watashangaa, watapiga makofi, kengele italia. Mimi sasa huanza bila kuwasha chochote. Naeleza kilichopo mkononi mwa Scott, kisha kila mtoto anaandika kwenye kipande cha karatasi: kipi kitatangulia, na kwa nini. Kile "kwa nini" ndicho chenye thamani. Mwaka mmoja nilikusanya karatasi, nikakuta wengine wameandika vyote vitaelea kwa sababu mwezini hakuna uvutano, wengine nyundo itatangulia kwa kuwa nzito, na wachache walisema vitafika pamoja lakini kwa sababu isiyo sahihi. Nisingejua hayo kwa kuuliza "mmeelewa?" Baada ya hapo nawapa dakika tatu wabishane na jirani. Kelele inakuwa kubwa kiasi kwamba mwalimu wa darasa la jirani hupita kuchungulia. Halafu ndipo nawasha, nasimamisha sekunde moja kabla Scott hajaachia, nawauliza tena kama kuna anayetaka kubadili jibu. Baada ya kuona, wanarudi kwenye karatasi zao na kuandika kilichokosewa. Dakika moja ya filamu inakula kipindi kizima cha dakika 40, na sijawahi kujuta.

Kuna jambo jingine linalochangia "tumeelewa" hiyo ya uongo, nalo ni kasi. Akili ya binadamu inapopokea jambo jipya ni kama mtu anayebeba maembe mikononi bila kikapu: matatu, manne, la tano linadondosha la kwanza. Mwanasaikolojia John Sweller wa Australia amelieleza hili tangu mwaka 1988 kama mzigo wa akili. Video haisubiri. Inarundika embe juu ya embe, na mtoto aliyedondosha hana namna ya kuinama kuokota.

Salman Khan, mwanzilishi wa Khan Academy, alianza mwaka 2004 kwa kumfundisha hesabu binamu yake Nadia kupitia simu, na kuanzia 2006 akawa anaweka video YouTube. Amesimulia kwamba binamu zake walimwambia wanampenda zaidi akiwa kwenye video kuliko ana kwa ana, kwa kuwa kwenye video wanaweza kumsimamisha na kumrudia bila aibu. Lakini tazama tofauti ya nyumbani na darasani. Aliye peke yake na simu anashika kitufe mwenyewe. Kwenye darasa la watoto 70, kitufe kipo kwa mwalimu peke yake, na mwalimu asipokibonyeza, watoto 70 wamenyimwa kile kitu hasa kinachoifanya video iwe bora kuliko hotuba.

Mwaka 2014 watafiti Philip Guo, Juho Kim na Rob Rubin walichambua mara milioni 6.9 ambazo watu walitazama video za masomo kwenye jukwaa la edX. Muda wa katikati ambao mtazamaji alidumu haukuzidi dakika sita, hata video iwe ndefu kiasi gani. Na mwaka 2013, Karl Szpunar na wenzake wa Harvard waliikata video ya takwimu ya dakika 21 katika vipande vinne. Waliopewa maswali madogo baada ya kila kipande walikiri kwamba mawazo yao yalikuwa yamehama asilimia 19 ya nyakati walizoulizwa. Wasiopewa, asilimia 41.

Kwetu Tanzania mzigo huu una tabaka moja zaidi, na naona halizungumzwi vya kutosha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili anaingia sekondari, ambako lugha ya kufundishia ni Kiingereza. Video nyingi za YouTube zinazungumza Kiingereza cha Marekani, kwa haraka. Hapo mtoto anafanya kazi tatu kwa mpigo: kuifukuza lafudhi, kuitafsiri, na kuielewa fizikia. Fizikia ndiyo inayodondoka. Ninachofanya ni kuzima sauti. Kwa video nyingi picha inatosha, nami nasimulia kwa maneno ambayo darasa langu linayajua, nikisimama pale nyuso zinapokunjamana. Maneno ya kitaalamu ya Kiingereza, yale yatakayokuja kwenye mtihani, nayaandika ubaoni kabla ya kuanza. Ikibidi sauti isikike, nawasha maandishi ya chini na kuirudia mara mbili.

Waliolielewa hili mapema, kwa maoni yangu, ni watengenezaji wa Ubongo Kids, kipindi cha katuni kilichoanza kuonyeshwa mwaka 2014 kutoka Dar es Salaam. Kilikuja kwa Kiswahili, na kilimuuliza mtazamaji maswali ambayo angeweza kuyajibu kwa ujumbe mfupi kutoka simu ya kawaida, hata kile kitochi cha bibi. Swali lilikuwa sehemu ya kipindi. Mtoto aliyekaa sebuleni Tandale alikuwa na kazi ya kufanya.

Vifaa navyo vimeanza kusogea. Baada ya sensa ya mwaka 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani viligawiwa walimu. Kishikwambi kimoja hakitoshi darasa zima, ila kinatosha watoto wanane waliokizunguka, na huo ni ukubwa mzuri sana wa kundi kwa kubishana. Wenzao wakiwa kwenye zoezi la daftari, makundi yanapokezana. Umeme ukikatika, chaji ipo. Video iwe imepakuliwa jana yake, si kutafutwa mtandaoni huku watoto wanasubiri, kwani kile kiduara kinachozunguka kinamaliza hamu yote. Na kabla ya yote, mwalimu aitazame mwenyewe mpaka mwisho akiwa na kalamu, aandike dakika na sekunde atakazosimamisha. Kwenye daftari langu la maandalizi, video ya chungwa, ileile iliyoniangusha, sasa ina alama tatu. Ya kwanza iko kabla haijaanza: "Waandike kwanza." Ya pili ni chungwa likiwa katikati ya kupanda: "Gandisha. Mishale mingapi?" Ya tatu ni kileleni, mahali ambapo kila mwaka kuna mtoto husimama na kuniambia kwamba pale juu hakuna kani hata moja, na inabidi darasa zima limjibu kabla sijabonyeza tena.