Jina la tatu sio jina la ukoo, na mengine ninayosikia kila siku kuhusu kutafuta historia ya familia

Juzi tena kijana kanifuata, anasema ametafuta ukoo wao mtandaoni siku tatu hajaona kitu, kwahiyo familia yao haina historia. Nikamuuliza ulikuwa unatafuta jina gani, akanitajia jina lake la tatu. Hii nimeisikia mara nyingi mno, imenichosha kabisa.

"Jina la tatu ndo la ukoo." Hapana jamani! Kwa wengi wetu Tanzania majina matatu ni wewe, baba na babu, basi. Chukua mfano wa Rashidi Hamisi Juma. Baba yake ni Hamisi Juma Athumani. Huyo Juma ni jina alilopewa babu akiwa mchanga, na mtoto wa Rashidi ataitwa labda Ali Rashidi Hamisi, Juma keshatoka. Sasa wewe unaenda kutafuta kina Juma wa mwaka 1900 ukidhani ni ukoo wako, utawapata wengi na hata mmoja asiwe wenu. Alafu kuna majina ya shule, mtoto kaandikishwa kwa jina la mjomba aliyemlea, ndugu wa tumbo moja wanakuwa na majina tofauti mpaka kwenye vitambulisho. Na waliobatizwa nao, nyumbani ni Shija, kwenye kitabu cha parokia ni Petro. Wachaga wana afadhali, Mushi, Massawe, Kimaro hayo ni ya ukoo kweli.

Ila jina la kwanza ambalo watu wanalipuuza ndo lenye habari. Msukuma akiitwa Shija ujue kabla yake mama alizaa mapacha, Kulwa na Doto, kwahiyo uliza hao mapacha wako wapi, na hapo ndo unaweza kusikia habari za watoto waliofariki wadogo ambao hakuna mtu anawataja. Wakikuyu kwa desturi mtoto wa kwanza wa kiume anapewa jina la babu mzaa baba, wa pili la babu mzaa mama. Ukitajiwa watoto kwa mpangilio umeshapata mababu wawili bila kufungua karatasi.

"Wazee wetu hawakuandikwa popote." Wamisionari wako Bagamoyo tangu 1868, na vitabu vya ubatizo vina jina la mtoto, wazazi, msimamizi, mara nyingi na kijiji, na pembeni unaweza kukuta ndoa yake ya baadaye. Msimamizi usimruke, mara nyingi ni ndugu. Cheti cha kuzaliwa cha babu wa miaka ya 1920 ndo usihangaike nacho, Mwingereza hakuwalazimisha Waafrika kuandikisha vizazi.

"Tarehe ya kitambulisho ndo sahihi." Ukiona 1 Januari kwa mzee, kuna uwezekano mkubwa ni makadirio. Muulize Uhuru wa 1961 ulimkuta ameshaolewa au bado anachunga mbuzi.

"DNA itaniambia kabila langu." Kile kipimo kinakulinganisha na sampuli walizonazo, na za kwetu ni chache, kwahiyo utapewa eneo kubwa tu. Ukoo wenu hautajwi humo. Hela hiyo panda nayo basi uende kijijini.

"Kaburi la babu litakuwa hapo kijijini." Operesheni Vijiji ya miaka ya 70 ilihamisha watu wengi sana. Uliza mahame yenu, yaani kule wazee walikohama, yako wapi.

Na hii ya "nitaenda kwa bibi Desemba" naomba muiache, nendeni mapema. Mkifika msianze na "babu wa babu aliitwa nani", mzee atasema sijui na maongezi yameishia hapo. Uliza mahari. Nilikaa na bibi mmoja anachambua mchele kwenye ungo, maswali yangu ya ukoo yote anajibu "nimesahau mwanangu", nikamuuliza mahari yako alipokea nani, akasimamisha mkono, akaanza: blanketi alichukua mjomba fulani, mbuzi jike shangazi fulani, jembe baba. Majina kumi na moja kabla hajarudi kwenye mchele. Nikamuuliza, huyo baba ndo aliyekuzaa? Akasema hapana, wa kunizaa alishafariki, huyu ni mdogo wake. Simu ilikuwa inarekodi pale kwenye mkeka, na jioni ileile nikaandika kila jina na tarehe ya siku hiyo.