Kabla Hujauza Inkubeta Uliyoiunda Mwenyewe

Kuna wakati nilimpikia jirani yangu mayai 60 bila kukusudia. Nilikuwa nimemuundia inkubeta, yaani sanduku la kuangulia vifaranga, ya mbao yenye balbu nne, nikamuuzia kwa bei ya ujirani, na kwa majuma mawili mambo yakaenda shwari. Asubuhi ya siku ya 14 akanipigia simu: sanduku linanuka. Nilipofungua mfuniko, kipimajoto kilikuwa kwenye nyuzi 51. Balbu zote zinawaka, ilhali kitaa cha kidhibiti joto kimezima, kana kwamba chenyewe kilishamaliza kazi yake na kulala.

Mimi nafundisha umeme katika chuo cha ufundi hapa Kisumu, kwa hivyo sikuwa na fundi mwingine wa kumsingizia. Nilipoipasua rilei, ile swichi inayowasha na kuzima balbu kwa amri ya kidhibiti, karakanani, vile vibati viwili vinavyogusana na kuachana vilikuwa vimegandana kama vilivyochomelewa. Sababu yake ni hii. Balbu ya waya ikiwa baridi huwa na ukinzani mdogo sana, kwa hivyo inapowashwa hufyonza mkondo mara 10 au zaidi ya ule wa kawaida kwa muda wa kufumba na kufumbua. Balbu nne za wati 60 kwenye stima yetu ya volti 240 hula ampia 1 tu zikishashika moto, lakini kila zikiwashwa hupiga rilei kwa ampia 10 na ushei. Kidhibiti kikiwasha mara moja kila dakika tano, kwa siku 14 ni zaidi ya mapigo 4,000.

Dawa yake si ghali: swichi ndogo ya joto inayojikata yenyewe kwa nyuzi 40, ifungwe kwenye waya uleule unaolisha balbu. Rilei ikiganda, hiyo ya pili inakata. Huenda mayai yasipone yote, lakini angalau sanduku la mbao halitageuka jiko usiku watu wamelala.

Nalisema hili kwa sababu vijana wengi wanaoniletea mashine zao walianza kwa kujiundia ya kuku wao, kisha jirani akauliza bei. Siku unapopokea pesa, mambo yamebadilika. Mashine yako unaijua. Unajua ikigoma unaigonga ubavu wa kushoto, na kwamba ule waya mwekundu hauguswi. Mnunuzi wa Ahero au Luanda, miji ya karibu na hapa, anajua nini? Yeye amebeba sanduku kwenye bodaboda, ameliweka chumba wanacholala watoto, na amechomeka.

Kwa hivyo andika. Juu ya mfuniko, kwa kalamu isiyofutika: volti, wati, idadi ya mayai, tarehe uliyoiunda na nambari yako ya simu. Andika pia isichokifanya. Kama haigeuzi mayai yenyewe, sema, ili mtu ajue atayageuza kwa mkono angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18. Kama haina betri ya akiba stima ikipotea, sema. Nimeona wauzaji wakificha haya wakidhani yatamfukuza mteja. Anayekimbia kwa kuambiwa ukweli angerudi tu baada ya siku 21, na hasira.

Halafu kuna fyuzi. Plagi nyingi za pini tatu madukani huja na fyuzi ya ampia 13, na hakuna anayeifungua kutazama. Ukiunga plagi hiyo kwa waya mwembamba wa ampia chache, pakitokea hitilafu waya unaweza kuwaka kabla fyuzi haijakatika. Inkubeta ya wati 240 inatosheka kabisa na fyuzi ya ampia 3, ambayo inabeba hadi wati 720. Fungua plagi, badilisha, funga. Ni kazi ya dakika mbili.

Kuhusu kipimajoto, nina ugomvi wa kudumu na wanaokihakikisha kwa maji yanayochemka. Maji huchemka kwa nyuzi 100 kule pwani. Kisumu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi; Nakuru, karibu 94. Kijana wa Nakuru akilazimisha kipimajoto kisome 100 kwenye sufuria inayotokota, ameshajidanganya nyuzi sita. Mayai kwenye inkubeta yenye feni yanataka nyuzi 37.5, na nyuzi mbili tu za ziada kwa saa nyingi zinatosha kuua kifaranga ndani ya ganda. Linganisha na kipimajoto cha homa, kilekile cha kupimia mtoto: kimeundwa kuwa sahihi hapohapo unapopahitaji.

Sheria nayo ipo. Kifungu cha 46 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya bidhaa ya ubora unaofaa, ya kupewa maelezo ya kumfaidi, ya kulindwa usalama wake, na ya kulipwa fidia akiumia kwa kasoro. Kinawahusu hata watu binafsi wanaouza, si viwanda peke yake. Usibandike alama ya ubora ya KEBS (Shirika la Viwango la Kenya) kama hujapewa kibali chake, hata kama ni kwa kupendezesha mfuniko. Na ukiongeza kifaa cha laini ya simu ili mashine itume ujumbe joto likizidi, hicho kinatuma mawimbi ya redio. Hakikisha aina hiyo imeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano.

Wanaounda taa za kuvulia omena (dagaa) kwa betri za kompyuta zilizochakaa wana mambo yao, na ni mazito zaidi: seli ya lithiamu ya volti 3.7 haichajiwi kupita 4.2, haiunganishwi bila bodi ya kuilinda, na haiungwi waya kwa risasi ya kuyeyusha (solda) moja kwa moja mwilini mwake. Mtumbwini hakuna pa kukimbilia ikishika moto.

Jirani yangu nilimlipa mayai yake yote 60, nikamuundia mashine nyingine. Kabla ya kuichomeka aliniuliza swichi ya pili iko wapi, akanifanya nifungue mfuniko nimwoneshe kwa kidole.