Stenti Inayoyeyuka Hairudishi Mshipa Ujanani

"Daktari, mimi niwekee ile inayoyeyuka. Ikishaisha, mshipa unarudi kuwa laini kama wa kijana." Maneno haya nimeyasikia kliniki mpaka yamenikinaisha.

Kuna chembe ya ukweli ndani yake. Stenti ni kijibomba cha wavu kinachowekwa ndani ya ateri ya moyo (mshipa unaoupelekea moyo damu) iliyoziba, ili ibaki wazi. Ya chuma ikishatanuliwa kwa puto hubaki mwilini maisha yote, na kipande kile cha ateri hufungwa kwenye kiunzi kisichopisha: hakiwezi tena kutanuka na kubana kadiri moyo unavyohitaji damu. Ndipo likaja wazo la kuushikilia mshipa kwa miezi ile tu unapopona, kisha kiunzi kitoweke. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Stenti ya kuyeyuka ya Absorb, ya kampuni ya Abbott, iliyotengenezwa kwa polima (aina ya plastiki) ya asidi ya laktiki, ilipata kibali Ulaya mwaka 2011 na Marekani mwaka 2016. Katika tafiti ndogo za mwanzo, baadhi ya mishipa ilionekana kuanza tena kubana na kutanuka ikichokozwa kwa dawa. Matumaini yakapanda.

Halafu kikaja kipimo chenyewe. Katika ABSORB II, utafiti ulioilinganisha Absorb na stenti ya chuma, wagonjwa walipimwa tena baada ya miaka 3: ateri ilitiwa nitrogliserini, dawa ya kutanua mishipa, na upana wake ukalinganishwa kabla na baada. Waliowekewa kiunzi cha kuyeyuka, mshipa ulitanuka kwa wastani wa milimita 0.047. Wenye chuma, 0.056. Zisome tena namba hizo. Kifaa kilichoundwa ili mshipa uwe huru hakikukishinda chuma katika jambo lile lile kilichoundiwa.

Sababu iko ukutani mwa ateri, nayo ilikuwapo kabla ya stenti. Anayefikia hatua ya kuwekewa stenti ana ukuta uliojaa mafuta, makovu na kalsiamu. Nyuzi za elastini, zinazoupa ukuta unyumbufu, zimechakaa, na utando wa ndani hautoi tena oksidi ya nitriki ya kutosha kuulegeza msuli. Puto nalo huuchana ukuta huo kidogo, ukapona kwa kovu jipya. Polima inapoondoka, nafasi za vijiti vya kiunzi hujazwa na tishu, kolajeni (protini ngumu ya makovu) ikiwa nyingi. Fundi akibandua mbao, zege lililokwishaganda halirudi kuwa tope.

Na bei ya kujaribu ilikuwa kubwa. Vijiti vya Absorb vilikuwa na unene wa takriban maikromita 150, karibu mara mbili ya stenti za chuma ilizoshindanishwa nazo, kwa hiyo damu ilikwama kirahisi zaidi. Katika ABSORB III, utafiti mwingine wa kuilinganisha na chuma, hadi mwaka wa 3 damu ilikuwa imeganda ndani ya kifaa kwa asilimia 2.3 ya wagonjwa, dhidi ya 0.7 kwa wenye chuma. Mwaka 2017 Abbott ikaacha kuiuza. Wengi wanaoniomba leo, wananiomba hiyo.

"Lakini mwaka 2024 Marekani wamepitisha nyingine!" Ndiyo, ya ateri za mguu, chini ya goti. Moyo hauko huko.

Ukitaka ateri zako zisizidi kukakamaa, zote, si kile kipande cha sentimita mbili nilichokiwekea kiunzi, shusha presha, meza statini, dawa ya kushusha kolesteroli, kila siku hata ukijisikia mzima, na hiyo sigara itupe leo. Nimechoka kumwona mtu akijadili polima huku pakiti ikichungulia mfukoni mwa shati.

"Ikiyeyuka, naacha dawa za kuzuia damu kuganda." Hatari tupu. Kiunzi cha Absorb kilihitaji takriban miaka 3 kumalizika, na baadhi ya damu zilizoganda ziliganda baada ya mwaka wa kwanza, vijiti vikiwa vinamomonyoka. Aspirini na klopidogreli huachwa kwa neno la daktari wako wa moyo. Jirani aliyepona hana mamlaka hayo, wala daktari wa meno anayetaka kukung'oa jino.

"Kinachoyeyuka hakiachi kitu, kwa hiyo hakizibi tena." Ugonjwa unaachwa pale pale, na ukuta unaweza kuota tishu mpya ndani ya kifaa chochote.

"Chuma kitashika kutu, kisha kitapiga kelele uwanja wa ndege." Stenti hizo ni za aloi, yaani mchanganyiko wa metali, ya kobalti na kromu, nayo haishiki kutu, na mashine ya ukaguzi hailii kwa kitu kidogo hivyo. Pita tu.