Akishapanda ndege, kesi haijaisha

Mgeni aliyemdhulumu mtoto Diani au Nungwi akishagongewa muhuri wa kutoka, wengi huona ameponyoka. Sivyo. Kuna nchi zinazomshtaki raia wao nyumbani kwa kosa alilolitenda ugenini.

Marekani inatumia kifungu cha 2423 cha sheria zake za jinai. Kabla ya 2003, mwendesha mashtaka alipaswa kuthibitisha kwamba mtu alifunga safari akiwa tayari na nia ya kumdhulumu mtoto, na nia haiandikwi kwenye viza. Sheria ya PROTECT ya 2003 ilikiondoa kikwazo hicho: alisafiri, akatenda, basi. Mwaka 2013 wakaongezwa wanaoishi nje, kwa hiyo hata aliyeendesha kituo cha yatima kwa miaka kumi hajitetei kwamba si mtalii. Adhabu hufika miaka 30. Penye malipo ya ngono, mtoto ni yeyote wa chini ya miaka 18, na mshtakiwa akidai alimdhania mtu mzima, mzigo wa kulithibitisha hilo ni wake.

Uingereza nayo hufanya hivyo kwa kifungu cha 72 cha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 2003. Simon Harris, aliyewadhulumu watoto wa mitaani wa Gilgil, alihukumiwa Birmingham mwaka 2015 miaka 17 na miezi 4. Mashahidi walitoa ushahidi kwa video wakiwa Kenya.

Kesi hizi huvunjikia huku kwetu, mara nyingi kwenye umri. Mtoto hana cheti cha kuzaliwa, mama anasema 13, kadi ya kliniki imepotea, rejista ya shule inasema 15. Wakili wa utetezi hahitaji zaidi ya hapo. Tafuteni kadi ya kliniki na cheti cha ubatizo mapema, kabla familia haijapewa "pole" ya fedha ikanyamaza.

Hospitali kwanza, ndani ya saa 72, ili dawa za kuzuia VVU zifae. Kenya, dai fomu ya PRC (ya huduma baada ya ubakaji) na P3 ya polisi; Tanzania, dai PF3 ya polisi. Mtoto asiogeshwe. Nguo zisifuliwe, na zitiwe kwenye mfuko wa kaki, kila nguo na mfuko wake. Nailoni hutunza unyevu, ukungu ukaharibu vinasaba. Msimhoji mtoto nyumbani: akirudia maelezo mara tano mbele ya mashangazi, yatatofautiana, na mahakamani ataulizwa kwa nini.

Nakili jina la mgeni kama lilivyo kwenye pasipoti, kutoka kitabu cha wageni cha hoteli. Kwa jina la "Mike wa Ujerumani" hakamatwi mtu. Kisha piga 116, namba ya msaada kwa watoto, bure Kenya na Tanzania, na ripoti polisi. Ubalozi wa nchi yake nao uarifiwe mapema, angali hajabadili simu.