Isang Yun hakukamatwa na Korea Kaskazini

Watu wengi wakisikia mtunzi wa muziki Mkorea alifungwa na serikali ya kidikteta, moja kwa moja wanafikiria Kaskazini. Hapana jamani, waliomfunga Isang Yun ni Korea Kusini, enzi za Jenerali Park Chung-hee. Na tena hakuwa hata nchini, alikuwa anaishi zake Berlin Magharibi, mwezi wa 6 mwaka 1967 majasusi wa Seoul wakamteka hukohuko Ujerumani wakampeleka kwao, wakamtesa, wakasema ni jasusi kwa sababu 1963 alienda Pyongyang, mji mkuu wa Korea Kaskazini, wakampa kifungo cha maisha. Kwa hiyo hata ile ya "akishafika Ulaya ameshapona" haikumsaidia.

Kinachonigusa mimi ni kwamba humo gerezani, kwenye selo ya baridi, aliomba karatasi akamalizia opera yake (mchezo wa jukwaani unaoimbwa), na Februari 1969 ikapigwa Nuremberg, Ujerumani, mwenyewe hayupo ukumbini. Wanamuziki kama 200 hivi, mtunzi Stravinsky na kiongozi wa okestra Karajan wakiwemo, walisaini kumtetea, Ujerumani nayo ikaibana Seoul, mwaka huohuo akaachiwa akarudi Berlin.

Muziki wake sikilizeni kwa utulivu: noti moja ndefu inashikiliwa, inatetemeka, inapinda, inapanda taratibu kama sauti ya mtu anayelia, mambo ya Kikorea kabisa ila yanapigwa kwa obo (aina ya zumari) na chelo (fidla kubwa) za Kizungu.

Akachukua uraia wa Ujerumani 1971. Kusini hakukanyaga tena mpaka anafariki 1995, majivu yake yalirudishwa Tongyeong, mji wa Korea Kusini, 2018.