Picha za Ngono na Madhara Yake: Yanayodhaniwa na Yanayojulikana

Kwenye mimbari, katika vikao vya wazazi na katika vipindi vya redio vya Afrika Mashariki, picha za ngono huzungumzwa kana kwamba ni sumu inayomdhuru kila anayeionja kwa kipimo kilekile. Upande wa pili wapo wanaoshikilia kwamba hiyo ni burudani ya watu wazima isiyomhusu yeyote asiyeitazama. Kauli zote mbili zimekuwa zikipimwa na watafiti tangu miaka ya 1960, na zote zimeonekana kuwa na kasoro moja: zinachukulia kwamba madhara, yawepo au yasiwepo, yamegawanyika sawasawa kwa watu wote. Sivyo yalivyo. Yamerundikana kwa watu wa aina fulani, na dhana tunazozirudia kila siku ndizo zinazotuzuia kuwaona watu hao.

Dhana: Anayetazama picha za ngono yuko njiani kubaka

Denmark iliondoa marufuku ya maandishi ya ngono mwaka 1967 na ya picha mwaka 1969, na wengi walitarajia kwamba makosa ya kujamiiana yangepanda. Mtaalamu wa jinai Berl Kutchinsky alizifuatilia takwimu za polisi wa Copenhagen, na alichokikuta hakikuwaridhisha watu wa kambi yoyote. Makosa ya kujamiiana kwa jumla yalipungua. Sehemu ya upungufu huo, hasa katika kosa la wanaume kujianika uchi hadharani, aliieleza kuwa ilitokana na watu kubadili mtazamo na kuacha kuripoti. Lakini kupungua kwa visa vya kuwadhalilisha watoto hakukuweza kuelezwa hivyo. Ubakaji wenyewe haukushuka.

Tume ya rais wa Marekani iliyotoa ripoti yake mwaka 1970 ilitumia ushahidi huo, pamoja na mwingine, ikahitimisha kwamba hakuna uthibitisho kuwa picha za ngono husababisha uhalifu. Rais Nixon aliitupilia mbali, na Seneti ikaikataa kwa kura 60 dhidi ya 5. Mwaka 1986 tume nyingine, iliyoundwa chini ya Mwanasheria Mkuu Edwin Meese, ilisema kwamba picha zenye ukatili huchangia ukatili, na baadhi ya watafiti ambao kazi zao zilitumiwa, akiwemo Edward Donnerstein, wakalalamika kwamba matokeo yao yamevutwa kupita pale yalipofikia. Kwa maoni yangu, ripoti hizo mbili zinatueleza mengi kuhusu siasa za Washington za miaka hiyo kuliko zinavyotueleza kuhusu watazamaji.

Jibu lenye manufaa zaidi limetoka kwa watafiti walioacha kuuliza iwapo picha humwathiri "mtu" na kuanza kuuliza humwathiri mtu gani. Neil Malamuth na wenzake wameonyesha kwa miaka mingi kwamba uhusiano kati ya kutazama sana picha hizo na ukatili wa kingono huonekana hasa kwa wanaume ambao tayari wana chuki au uhasama kwa wanawake, na wanaoichukulia ngono kuwa jambo lisilo na uhusiano wa kiutu ndani yake. Kwa wanaume wengine uhusiano huo ni mdogo mno au haupo. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 ulikusanya tafiti 22 kutoka nchi 7 na kukuta kwamba wanaotazama zaidi ndio wanaoripoti ukatili zaidi, lakini tafiti nyingi za aina hiyo haziwezi kutenganisha kinachotangulia: picha zinazomfanya mtu kuwa mkatili, au ukatili uliomo ndani yake unaomfanya azitafute. Huenda yote mawili hutokea kwa mtu yuleyule. Isitoshe, wanaozitumia takwimu za polisi kuthibitisha kwamba hakuna madhara wanapaswa kukumbuka kwamba, mahali ambapo waathirika wengi hawafiki kituoni, kushuka kwa takwimu kunaweza kuwa na maana ndogo sana.

Dhana: Kila anayezitazama mara kwa mara ana uraibu unaoharibu ubongo

Shirika la Afya Duniani liliidhinisha toleo la 11 la uainishaji wake wa magonjwa mwezi Mei 2019, nalo likaanza kutumika Januari 2022. Humo umo ugonjwa wa tabia ya ngono isiyodhibitika, ambao unaweza kujitokeza kwa kutazama picha kupita kiasi, lakini haukuwekwa pamoja na uraibu wa pombe, dawa za kulevya au kamari. Umewekwa katika kundi la magonjwa ya kushindwa kuzuia msukumo. Ili mtu ahesabiwe kuwa nao, ni lazima awe ameshindwa kujizuia kwa muda mrefu, kiasi cha miezi sita au zaidi, hata kazi, afya, malezi au ndoa vikawa vinaharibika. Maelezo hayohayo yanaongeza sharti ambalo wahubiri wachache hulitaja: dhiki inayotokana tu na mtu kujihukumu kimaadili haitoshi kuitwa ugonjwa.

Sharti hilo lina sababu. Mwanasaikolojia Joshua Grubbs na wenzake wamekuta kwamba watu wanaoamini kuwa kutazama picha hizo ni dhambi hujiona waraibu kwa wepesi zaidi, hata wanapotazama kwa nadra. Haina maana kwamba imani yao ni ya kubezwa. Mwislamu au Mkristo anayeona amekosa mbele ya Mungu wake anajua anachokisema, na toba ina mahali pake. Ila kijana aliyeambiwa kwamba ubongo wake umekwisha kuoza hubeba mzigo wa pili ambao haukuthibitishwa na yeyote. Utafiti unaonukuliwa sana juu ya ubongo ni wa Berlin wa mwaka 2014, uliowapima wanaume 64 na kukuta kwamba sehemu moja ya ubongo ilikuwa ndogo zaidi kwa waliotazama kwa saa nyingi. Walipimwa mara moja tu, na watafiti wenyewe waliandika kwamba hawawezi kusema kama tofauti hiyo ililetwa na picha au ilikuwapo kabla.

Wapo, hata hivyo, watu walioshindwa kabisa kujizuia, na kuwaambia kwamba tatizo lao ni la kubuni ni ukatili wa namna nyingine. Hao wanahitaji mtaalamu wa afya ya akili.

Dhana: Wanaopenda kufungwa au kupigwa katika mapenzi ni wagonjwa, na wamefundishwa na video

Jumuiya za watu wanaofuata sadomasokizimu, yaani wanaopata raha katika kuamrishwa, kufungwa kamba au kuumizwa kwa makubaliano, zilikuwapo Ulaya na Marekani muda mrefu kabla ya intaneti. Denmark iliuondoa mwelekeo huo katika orodha yake ya magonjwa mwaka 1995, na nchi nyingine za Skandinavia zikafuata. Uainishaji mpya wa Shirika la Afya Duniani nao hauuhesabu kuwa ugonjwa pale ambapo watu wazima wameridhiana. Sheria haikwenda kwa mwendo huo. Uingereza iliwafunga wanaume walioumizana kwa hiari katika faragha, na mwaka 1993 majaji wa Nyumba ya Malodi (House of Lords), iliyokuwa mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo wakati huo, walithibitisha hatia hiyo kwa 3 dhidi ya 2, wakisema kwamba ridhaa si utetezi pale mwili unapojeruhiwa. Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya haikuona kosa katika uamuzi huo mwaka 1997.

Jambo ambalo watu wa nje hawalioni ni kwamba jumuiya hizo zimejiwekea taratibu nyingi: mazungumzo ya awali kuhusu kinachoruhusiwa na kisichoruhusiwa, neno maalumu ambalo likitamkwa kila kitu husimama, na desturi ya kumtunza mwenzako baada ya tendo. Video za kawaida za ngono zimechukua matendo na kuziacha taratibu. Mfano ulio wazi ni kukabana koo. Katika uchunguzi uliofanywa na Debby Herbenick na wenzake miongoni mwa wanafunzi wa chuo kikuu kimoja cha Marekani, zaidi ya nusu ya wanafunzi wa kike walisema wamewahi kukabwa koo wakati wa ngono. Hawa si wanachama wa jumuiya yoyote. Ni vijana wa kawaida, na wengi wao hawajui kwamba ubongo unaokosa damu na hewa unaweza kudhurika bila koo kuacha alama. England na Wales zilifanya kukaba koo kuwa kosa linalojitegemea kuanzia Juni 2022, na sheria hiyohiyo, iliyopitishwa mwaka 2021, ikamnyima mshtakiwa aliyeumiza vibaya nafasi ya kujitetea kwamba mwenzake alitaka mwenyewe.

Kwa hiyo anayetafuta madhara ya kijamii ya picha za ngono asianze na watu wachache wenye mapenzi yasiyo ya kawaida. Aanze na chumba cha vijana wawili ambao mmoja wao anadhani kile alichokiona ndicho kila mwanamke anachokitaraji.

Dhana: Mtoto huziona kwa sababu amezitafuta, na kufunga tovuti kunatosha

Ripoti ya Kamishna wa Watoto wa England ya Januari 2023 ilikuta kwamba wastani wa umri wa kuziona kwa mara ya kwanza ni miaka 13, na kwamba mtoto mmoja kati ya kumi alikuwa ameziona kufikia miaka 9. Mtandao uliotajwa na vijana wengi zaidi haukuwa tovuti ya ngono bali Twitter, kwa asilimia 41, ilhali tovuti maalumu zilitajwa na asilimia 37. Kwetu, ambako simu moja hushikwa na nyumba nzima na makundi ya WhatsApp na Telegram hupokea kila kinachorushwa, mzazi aliyefunga tovuti amefunga mlango mmoja tu.

Husemwa pia kwamba mazungumzo ya ngono yenyewe ni ugeni ulioletwa na intaneti. Pwani ya Waswahili haikuwa hivyo. Mwari alikuwa na kungwi na somo wake, na unyago ulikuwa na ngoma, nyimbo na mafundisho yasiyozungukazunguka. Bi Kidude, aliyefariki Zanzibar mwaka 2013, aliheshimiwa kama mwimbaji wa taarabu na vilevile kama mwalimu wa wasichana katika unyago. Sipendekezi kwamba turudi huko tulivyotoka, kwa kuwa mafundisho hayo yalilenga mno namna ya kumridhisha mume na yalisema machache kuhusu haki ya mke kukataa. Lakini msichana alau alikuwa na mtu mzima wa kumuuliza. Jando, kwa upande wa wavulana, limebaki mahali pengi kuwa tohara ya hospitali na mapumziko ya siku chache, na yale ambayo ngariba na wazee walikuwa wakiyaeleza hayana tena msemaji. Mvulana huyo ndiye anayejifunzia kwenye simu.

Dhana: Aliyeonekana kwenye video alikubali, au alijitakia

Hapa ndipo madhara yasiyobishaniwa yalipo, na hapa ndipo sheria zetu zimekosea shabaha zaidi.

Tovuti ya GirlsDoPorn iliyoendeshwa kutoka San Diego iliwaita wasichana kwa matangazo ya kazi ya uanamitindo, ikawaahidi kwamba video zao zingeuzwa kwa diski katika nchi za mbali tu na kwamba hazingewekwa kamwe kwenye intaneti. Zikawekwa. Januari 2020 mahakama iliwapa wanawake 22 fidia ya karibu dola milioni 13; mwanzilishi alikimbia, akakamatwa Madrid mwaka 2022, na mwaka 2025 akahukumiwa kifungo cha miaka 27. Saini zao zilikuwapo kwenye mikataba, na kwa jicho la mtazamaji kila mmoja alionekana ameridhia. Desemba 2020, baada ya Visa na Mastercard kusitisha malipo, tovuti ya ngono ya Pornhub iliondoa mamilioni ya video ambazo waliozipakia hawakuthibitishwa; ilikuwa ni kusema, bila kutamka, kwamba kwa miaka yote hiyo haikujua nani aliridhia. Siku hizi hata mwili wa mhusika si lazima uwepo: kampuni ya Deeptrace ilipozihesabu video bandia za akili mnemba mwaka 2019, asilimia 96 zilikuwa za ngono zilizotengenezwa bila ridhaa.

Uganda ilipitisha Sheria ya Kupinga Ponografia, iliyotiwa saini na Rais Museveni Februari 2014. Uvumi ulienea mara moja kwamba sheria imepiga marufuku sketi fupi, jambo ambalo maandishi yake hayakulitaja, na makundi ya wanaume yakaanza kuwavua wanawake nguo barabarani. Yaani sheria iliyodaiwa kulinda heshima ya mwanamke ilianza kazi kwa mwanamke kuachwa uchi mbele ya umati. Wanawake waliosambaziwa picha zao za faragha walitishiwa kushtakiwa badala ya kusaidiwa, na mwanamuziki mmoja akakamatwa kwa sababu ya video ya wimbo. Agosti 2021 Mahakama ya Katiba ilivifuta vifungu vikuu, ikiwemo tafsiri ya ponografia yenyewe, kwa kuwa vilikuwa vipana kiasi cha kukinzana na katiba.

Kifungu cha 14 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kuchapisha ponografia kwa mfumo wa kompyuta, bila kutofautisha video iliyotengenezwa ili iuzwe na ile iliyoibwa kwenye simu ya mtu. Sheria ya Kenya ya makosa ya kompyuta na mtandao ya mwaka 2018 imekaribia zaidi jambo lenyewe: kifungu cha 37 kinamlenga anayesambaza picha ya faragha ya mtu mwingine, kwa faini isiyozidi shilingi 200,000 au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Dar es Salaam, video kama hizo huitwa "koneksheni" na huombwa hadharani kwenye mitandao, na anayeituma kwa kumi hujihesabu kuwa mtazamaji tu.

Aliye na miaka 18 au zaidi na anayeogopa kwamba picha yake itasambazwa anaweza kutumia StopNCII.org, huduma iliyoanza Desemba 2021. Picha haipakiwi popote. Kifaa chake hutengeneza alama ya kidijitali inayotumwa kwa Facebook, Instagram, TikTok na kampuni nyingine zilizojiunga, ili picha yenye alama hiyo izuiwe. Walio chini ya miaka 18 wana huduma inayofanana nayo, iitwayo Take It Down. Zote mbili hazifiki ndani ya makundi ya WhatsApp, ambako ujumbe umefungwa kwa siri na hakuna kampuni inayouona. Huko, picha husimama pale tu mtu aliyeipokea anapokataa kuituma.