Maadili ya Biashara: Maana Yake na Namna Yalivyokua

Meli iliyosheheni nafaka inatia nanga Rhodes ikitokea Alexandria. Kisiwani kuna njaa, bei imepanda mno, na watu wako tayari kulipa chochote. Mwenye shehena anajua jambo ambalo wenyeji hawalijui: meli nyingine zimeshang'oa nanga huko nyuma na zinakuja na nafaka vilevile. Je, awaambie wanunuzi, au anyamaze auze kwa bei ya leo?

Cicero, mwanasiasa na mwandishi wa Roma ya kale, alilijadili swali hili mwaka 44 kabla ya Kristo, katika kitabu chake kuhusu wajibu, kwa kuwashindanisha wanafalsafa wawili wa Kistoa. Diogenes wa Babeli alishikilia kwamba muuzaji ataje kasoro ambazo sheria inamlazimu kuzitaja, asiseme uongo, na baada ya hapo ana ruhusa ya kutafuta bei nzuri. Kunyamaza, kwake, si kudanganya. Antipater, mwanafunzi wake, alikataa. Mnunuzi hana budi kujua kila anachokijua muuzaji. Cicero alikuwa upande wa mwanafunzi.

Karne ya 13 Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kikatoliki, alilirudia swali lilelile akajibu kwa namna ya kati: mfanyabiashara huyo hadhulumu akinyamaza, kwa kuwa kushuka kwa bei ni jambo ambalo bado halijatokea, ila akisema, au akipunguza bei, atakuwa ametenda jema zaidi. Mwaka 1817 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi inayofanana nayo. Mnunuzi wa tumbaku huko New Orleans alikuwa amepata mapema habari kwamba vita kati ya Marekani na Uingereza vimekwisha, akanunua tumbaku kabla habari haijaenea na bei kupaa. Mahakama ikasema hakulazimika kumwambia muuzaji. Leo, mkurugenzi anayenunua hisa za kampuni yake kwa habari ambayo haijatangazwa anaweza kufungwa jela katika nchi nyingi.

Nimeanza na kisa hiki kwa makusudi, kwa sababu ndani yake hamna mwizi. Wengi wakisikia maadili ya biashara hufikiria wizi, hongo na hesabu za kughushi. Hayo yamo, lakini hayahitaji falsafa, maana kila mtu anajua kuiba ni vibaya, mwizi akiwa wa kwanza kujua. Kazi ngumu ya maadili ya biashara iko pale ambapo mtu mwenye akili timamu na nia njema anaweza kusimama upande wowote.

Kwa maelezo mafupi, maadili ya biashara ni viwango vya haki na batili vinavyohusu kununua, kuuza, kuajiri, kukopesha, kutangaza bidhaa na kugawana faida. Jina hilohilo hutumika pia kwa taaluma inayovichunguza viwango hivyo na kuuliza vinatoka wapi, na nani anabanwa navyo. Mambo hayo mawili yakichanganywa, watu hudhani aliyesoma maadili ya biashara chuoni ni mwaminifu zaidi dukani. Hakuna uhakika huo.

Swali linalojitokeza mara moja ni kuhusu sheria. Kama sheria haikatazi, tatizo liko wapi? Historia inajibu kwa ukali. Mwaka 1781 mabaharia wa meli ya Uingereza iitwayo Zong waliwatupa baharini Waafrika zaidi ya 130 waliokuwa wakisafirishwa kama watumwa, na wenye meli wakadai fidia kwa kampuni ya bima. Shauri lilipofika mahakamani mwaka 1783 lilihusu hasara ya mali. Hakuna aliyeshtakiwa kwa mauaji. Ukitaka mfano wa karibu zaidi, Ujerumani hadi mwishoni mwa miaka ya 1990 iliiruhusu kampuni kuhesabu hongo iliyotolewa nchi za nje kama gharama ya biashara na hivyo kupunguziwa kodi. Sheria mara nyingi huja baada ya madhara, na huandikwa na watu ambao nao wana maslahi.

Wanafalsafa wana njia zao za kupima. Wapo wanaoangalia matokeo: nani amefaidika, nani ameumia, na kwa kiasi gani. Wapo wanaoangalia wajibu, na wengine huuliza tendo hili linamjenga mtu wa namna gani. Katika kundi la wajibu, Immanuel Kant ametuachia mfano ambao kila mwenye duka angepaswa kuujua. Mwaka 1785 aliandika juu ya mchuuzi asiyempandishia bei mteja asiye na uzoefu, kiasi kwamba hata mtoto akitumwa kwake ananunua kwa bei ileile ya watu wazima. Wateja wanahudumiwa kwa uaminifu, sawa. Lakini Kant aliuliza: je, anafanya hivyo kwa kuwa ni haki, au kwa kuwa jina zuri linaleta wateja? Wahadhiri na washauri wa biashara hupenda kutuambia kwamba uaminifu unalipa. Mara nyingi ni kweli. Shida ya hoja hiyo ni kwamba siku uaminifu utakapoacha kulipa, aliyefundishwa hivyo hatakuwa na sababu ya kubaki mwaminifu.

Ukiifuatilia historia ya dhana hii utaona kwamba kilichobadilika zaidi ni yule anayeulizwa, maana maswali yenyewe ni ya kale.

Kwanza aliulizwa mtu mmoja mmoja, mwenye mizani mkononi. Sheria za Hammurabi wa Babeli, zilizochongwa karibu miaka 1,750 kabla ya Kristo, zilimtaka mjenzi alipe kwa uhai wake nyumba aliyoijenga ikianguka na kumuua mwenye nyumba. Torati inaagiza mizani ya haki na vipimo vya haki. Qur'ani ina sura nzima, ya 83, inayoanza kwa kuwaonya wapunjao, wale ambao wakijipimia hutaka kamili na wakiwapimia wengine hupunguza. Aristotle alitofautisha kutafuta mali ya kutosheleza nyumba na kutafuta mali kusiko na kikomo, akalaani riba. Mafundisho hayo yote yalidhani kwamba muuzaji na mnunuzi wanaonana uso kwa uso. Aliyepunjwa anamjua aliyempunja.

Adam Smith, mwanafalsafa na mchumi wa Scotland, huhesabiwa kuwa ndiye aliyeihalalisha tamaa, na hapo ameonewa. Kabla ya kitabu chake mashuhuri cha mwaka 1776 kuhusu utajiri wa mataifa, alikuwa ameshachapisha mwaka 1759 kitabu kizima kuhusu hisia za kimaadili, na alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili kule Glasgow. Soko alilolisifu lilihitaji watu wanaoona haya.

Kisha biashara ikakua hadi mtendaji na mtendewa wakaacha kujuana. Mnunuzi wa sukari London hakuliona shamba wala mtumwa aliyelilima. Mwaka 1791, Bunge la Uingereza lilipoukataa mswada wa kukomesha biashara ya watumwa, familia nyingi ziliacha kula sukari ya mashamba hayo. Kwa maoni yangu huo ni mmoja wa mageuko makubwa kabisa katika historia hii, ingawa vitabu vingi huupitia haraka, kwa sababu mteja alijiuliza kama na yeye ana mkono katika jambo hilo.

Halafu ikaja kampuni. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1855 iliwapa wanahisa dhima yenye kikomo: kampuni ikifilisika, mwanahisa hupoteza alichowekeza tu. Ilikusanya mitaji ambayo tajiri mmoja asingeiweza, ikajenga reli na viwanda. Ila ilileta pia kiumbe ambacho kinamiliki mali, kinashtaki na kushtakiwa, lakini hakina dhamiri ya kukisuta usiku. Kiwanda cha nguo cha Triangle jijini New York kilipoungua mwaka 1911, wafanyakazi 146 walikufa, wengi wao wasichana wahamiaji, na mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Wamiliki walishtakiwa wakaachiwa huru. Hasira ya umma ndiyo iliyolisukuma jimbo hilo kutunga sheria mpya za usalama viwandani.

Kama taaluma yenye jina lake, maadili ya biashara ni changa: ilishika mizizi vyuoni Marekani katika miaka ya 1970, na jarida lake kubwa likaanza kutoka mwaka 1982. Mjadala wake maarufu ulichochewa na makala ya mchumi wa Marekani Milton Friedman ya mwaka 1970 katika jarida la New York Times. Alidai wajibu wa kijamii wa biashara ni kuongeza faida yake, na kwamba meneja anayetumia fedha za kampuni kwa malengo ya jamii anatumia fedha za watu wengine bila ridhaa yao. Wanaomnukuu husahau sharti aliloliweka, kwamba faida itafutwe kwa kufuata kanuni za msingi za jamii, za kisheria na za kimaadili. Sharti hilo ni pana kuliko linavyoonekana, na ukilichukulia kwa uzito sehemu kubwa ya ugomvi inayeyuka. Mwaka 1984 msomi wa Marekani R. Edward Freeman alijibu kwa nadharia ya wadau: wafanyakazi, wateja, wagavi na majirani wa kampuni nao wana haki ya kuzingatiwa, sawa na wenye hisa. Ni nadharia nzuri, ila haisemi wazi nani atangulie pale maslahi yanapogongana, na meneja mjanja anaweza kuitumia kumkwepa kila mdau kwa kisingizio cha mdau mwingine.

Nje ya vyuo, kashfa ndizo zilizofanya kazi ya kufundisha. Katikati ya miaka ya 1970 ilibainika kwamba Lockheed, kampuni ya ndege, ilikuwa imewahonga wakubwa wa nchi kadhaa ili inunuliwe ndege zake. Tanaka Kakuei, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Japani, alikamatwa mwaka 1976. Mwaka uliofuata Marekani ikatunga sheria ya kuzuia kampuni kuwahonga maofisa wa nchi za nje, na mataifa mengine ya viwanda yakaufikia mkataba wa namna hiyo mwaka 1997, miaka 20 baadaye. Mwaka 1991 miongozo ya adhabu ya mahakama za shirikisho za Marekani ilitoa nafuu ya faini kwa kampuni zenye mpango wa kuzuia na kugundua makosa. Hapo ndipo kanuni za maadili zilizochapwa vizuri, semina na simu za siri za watoa taarifa zilipoenea. Nia ilikuwa njema, lakini kampuni nyingi zilinunua kivuli cha maadili kwa sababu kivuli kilitosha kupunguza faini.

Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, ndiyo iliyoonyesha hilo. Kijitabu chake cha maadili kilikuwa na kurasa zaidi ya 60 na kilisifu heshima na uadilifu. Bodi ya wakurugenzi iliziweka kando kanuni hizohizo ili ofisa mkuu wa fedha aendeshe ubia uliokuwa ukifanya biashara na Enron yenyewe, mgongano wa maslahi usiohitaji darubini. Kampuni ilifilisika Desemba 2001, na mkaguzi wake wa hesabu, Arthur Andersen, akasambaratika pamoja nayo.

Kisa cha benki ya Wells Fargo kinafundisha zaidi, ingawa hakikuua mtu wala kampuni. Wafanyakazi wa matawi walipewa malengo ya mauzo ambayo wengi hawakuyaweza, na kazi yao iliyategemea. Wakaanza kuwafungulia wateja akaunti bila wateja kujua. Kashfa ilipolipuka mwaka 2016, benki ilikuwa imeshawafukuza wafanyakazi wapatao 5,300, na baadaye ikakadiria kwamba akaunti zilizotiliwa shaka zingeweza kufika milioni 3.5. Haiyumkiniki kwamba benki moja ilibahatika kuajiri maelfu ya watu wenye tabia mbaya. Lengo lenyewe ndilo lililowatengeneza. Tangu hapo anayechunguza maadili ya kampuni hutazama kwanza bonasi zinatolewa kwa lipi, na nini kimempata mtu wa mwisho aliyepeleka habari mbaya kwa bosi. Kijitabu cha maadili kinaweza kusubiri.

Sasa anayeulizwa amesogea mbali zaidi, hadi mwisho wa mnyororo wa ugavi. Tarehe 24 Aprili 2013 jengo la Rana Plaza, karibu na Dhaka nchini Bangladesh, lilianguka na kuua watu zaidi ya 1,100. Siku moja kabla nyufa zilikuwa zimeonekana ukutani. Benki na maduka ya ghorofa za chini yalifungwa, lakini washonaji wa nguo wa ghorofa za juu waliamriwa warudi kazini. Chapa za Ulaya na Marekani ambazo nguo zao zilishonwa humo hazikulimiliki jengo, hazikuwaajiri washonaji, na kwa sheria ya wakati ule ziliweza kusema hazihusiki. Hata hivyo chapa zaidi ya 200 hatimaye zilitia saini makubaliano ya usalama wa viwanda yenye nguvu ya kisheria, kitu ambacho ahadi za hiari za miaka iliyotangulia hazikuwa nacho.

Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2011 ilikuwa imeshasema kwamba kampuni inapaswa kuchunguza madhara yanayotokana na washirika wake wa biashara pia. Ufaransa iliugeuza wajibu huo kuwa sheria mwaka 2017, Ujerumani ikaanza kuutekeleza mwaka 2023, na Umoja wa Ulaya ukapitisha agizo lake mwaka 2024. Mwaka uliofuata utekelezaji ulisogezwa mbele, huku kampuni zikilalamikia gharama na wingi wa makaratasi. Sehemu ya malalamiko ni ya haki, kwa sababu fomu elfu moja zilizojazwa na wagavi hazisemi kama mlango wa dharura uko wazi. Bado hakuna aliyepata njia rahisi ya kuamua uwajibikaji wa mnunuzi uishie kwa mgavi wa ngapi, na kwa sasa mahakama za Ulaya ndizo zitakazolijibu hilo kesi baada ya kesi.